Gesi ya friji yavuja kwenye supamaketi zetu Mombasa: sheria iko, nani aisimamie?

#1 BaharZinj (mleta uzi)

Asalaam aleikum wadau. Kuna jambo lanikera tangu mwezi mtukufu, nimeona nililete hapa barazani.

Nafanya kazi ya stoo kwenye supamaketi moja upande wa Kisauni. Jina silitaji. Tuna kabati mbili za maziwa zilizo wazi mbele, friza tatu za nyama na samaki, na chumba cha baridi nyuma. Kila baada ya Ijumaa mbili fundi aja na bodaboda, silinda ameipakata kama mtoto. Aunga bomba, ajaza, meneja atia sahihi risiti, fundi aenda zake. Juzi nikamuuliza, "Fundi, hii gesi unayojaza kila mara yaenda wapi?" Akanijibu, "Yaenda kwa Mungu."

Sikulala vizuri. Nikaingia kusoma. Kumbe kule Marekani mwaka 2016 serikali iliifungulia kesi kampuni ya supamaketi ya Trader Joe's kwa jambo hili hili, friji kuvuja gesi na kampuni kutoziba kwa wakati. Wakakubali kulipa faini ya dola 500,000 na kutumia kama dola milioni 2 ndani ya miaka mitatu kupunguza uvujaji kwenye maduka yao 453. Kabla yao, 2013, supamaketi za Safeway walilipa dola 600,000. Hakuna aliyemwaga mafuta baharini. Ni friji za maziwa na nyama kama zetu.

Sasa nauliza: sisi hapa hatuna sheria? Ama iko na haina mwenyewe? Na kama iko, mbona sijawahi kuona mtu yeyote akiingia dukani kuuliza hata mara moja?

#2 Shoka_la_Likoni

Nimeketi. Leteni kahawa na halua.

#3 MjukuuWaKale

Ndugu yangu, mbona wajipa presha? Friji yala gesi kama vile gari lala petroli. Hata yangu ya nyumbani hapa Kuze hujazwa kila mwaka. Halafu hizo gesi mbaya zilishapigwa marufuku kule Kigali, zinazouzwa sasa ni safi.

#4 FundiKombo

MjukuuWaKale mwanangu, hapo umepotea mara mbili. La Kigali nawaachia wasomi. La friji nitakwambia mimi, nimeshika geji tangu 1996.

Gesi ya friji haiishi. Nairudia: haiishi. Haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa, kompresa yaisukuma, kondensa yatoa joto nje, evaporeta yaleta baridi ndani, yarudi tena kwenye kompresa. Mzunguko ule ule, gesi ile ile, miaka kumi, miaka ishirini. Ikipungua, imetoka. Na ikiwa imetoka, kuna tundu. Fundi akikujazia bila kukuonyesha tundu, amekuuzia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Na tundu halijifichi sana. Gesi husafiri na mafuta ya kompresa, kwa hiyo panapovuja utaona alama ya utelezi, vumbi limeshika pale jeusi jeusi. Pitisha kidole. Halafu sabuni ya unga kidogo kwenye maji, brashi ya rangi, paka kwenye kila kiungo, ngoja. Povu litainuka taratibu kama mate ya mtoto. Hapo ndipo. Mara nyingi ni nati iliyokazwa vibaya, ama kile kidude cha kujazia kilicho kama vali ya baiskeli, ama bomba la shaba linalosuguana na chuma kwa mtetemo hadi likala.

BaharZinj, silinda ya huyo fundi imeandikwa nini?

#5 BaharZinj

Shukran mzee. R-404A. Ajaza kilo moja, mara nyingine inazidi kidogo.

#6 Msomi_Tudor

La Kigali nalichukua mimi, maana watu wengi hulichanganya.

Ziko familia mbili. Ya kwanza ni ya R-22, ambayo ina klorini na inakula ozoni. Hiyo iko chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa dunia wa kulinda ozoni. Nchi kama yetu zilitakiwa zipunguze asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na 2030 basi, ibaki akiba ndogo tu ya kutengenezea mashine za zamani. Ya pili ni R-404A, R-134a, R-410A na wenzao. Hizi hazina klorini, ozoni haziigusi, lakini zinapasha dunia joto vibaya sana. Hizo ndizo zilizoongezwa kwenye itifaki hiyo kwa Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016. Na hayakuzipiga marufuku. Kundi letu linasimamisha kiwango mwaka 2024, linapunguza asilimia 10 mwaka 2029, hadi asilimia 80 mwaka 2045.

Kwa hiyo MjukuuWaKale, "gesi safi" unayosema haiui ozoni, ni kweli. Lakini kilo moja ya R-404A inapasha joto sawa na kilo 3,922 za hewa ya ukaa kwa miaka mia. R-22 ni kama 1,810. Hiyo mpya imeizidi ile ya zamani mara mbili.

Na ofisi inayosimamia mikataba hii ya ozoni duniani iko Gigiri, Nairobi. Hapa hapa kwetu.

#7 HesabuZaChangamwe

Nimepiga hesabu. Kilo 1 kila wiki mbili ni kilo 26 kwa mwaka. Mara 3,922 ni tani 101,972. Ya Rabi! Duka moja?

#8 Msomi_Tudor

Kilo 101,972, si tani. Tani ni karibu 102. Teremsha sufuria kwanza kabla haijamwagika.

#9 HesabuZaChangamwe

Sawa, nimeteleza, tani 102. Lakini hata hiyo si ndogo. Lita moja ya petroli hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Tani 102 ni sawa na kuchoma lita elfu arobaini na nne. Kwa friza tatu, kabati mbili na chumba. Sisi twapiga kelele kuhusu moshi wa matatu za Jomvu, na huu hata hauonekani.

#10 Shoka_la_Likoni

Mwalimu wako wa hesabu yuko wapi tumpelekee biriani, mwanafunzi amekubali kosa hadharani.

#11 MamaSamaki

Sabalkheri. Mimi sina elimu ya hizo namba lakini nina friza nne za samaki huku Likoni, na nataka kusema jambo ambalo fundi hajalisema. Chumvi.

Mashine yangu ya kwanza niliiweka upande wa bahari, ule upepo wa kusi waingia moja kwa moja. Miezi kumi na minne tu, yale mapezi ya alumini nyuma yakawa unga. Naligusa, lamomonyoka kama biskuti. Koili ikatoboka mahali sita. Fundi aliziba moja, kesho yake ya pili, mwisho akaniambia, "Mama, hii si ya kuziba." Ya pili nimeiweka nyuma ya ukuta, kila Jumapili naiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mwaka wa nne huu.

Kwa hiyo kabla hatujaleta wakaguzi na faini, tukumbuke kwamba mashine nyingi zinazoletwa hapa zimetengenezwa kwa nchi kavu. Bahari yetu inazila. Na stima nayo: inakatika, inarudi kwa kishindo, kompresa inaruka, bomba latingishika. Kiungo hulegea hapo.

#12 FundiKombo

MamaSamaki amesema kweli tupu. Chumvi ni adui namba moja. Lakini mama, wewe umeosha. Kwenye supamaketi, ile kondensa iko juu ya paa, hakuna aliyepanda tangu ilipofungwa. Nimewahi kupanda paa moja mjini nikakuta kunguru wamejenga kiota juu ya feni.

#13 Wakili_Buxton

Tuje kwenye swali la mleta uzi, maana aliuliza sheria.

Sheria iko. Kuna ile Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Chini yake kuna Kanuni za Vitu Vinavyodhibitiwa za 2007, zinazohusu gesi zinazokula ozoni: leseni ya kuingiza, kuuza nje, alama kwenye silinda. Kuna pia Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Na mkaguzi wa mazingira, kwa kifungu cha 117 cha ile sheria ya 1999, anaweza kuingia mahali pa biashara saa yoyote ya busara bila hati ya mahakama, akadai kuona vitabu na kumbukumbu.

Kwa hiyo uwezo wa kuingia kwenye duka la BaharZinj upo. Tatizo ni akishaingia aulize nini. Zile kanuni za hewa ukizisoma zinaona moshi: mabomba ya viwanda, magari, vumbi. Zile za 2007 zinaona bandari: nani ameingiza, amepewa leseni ya kiasi gani. Ile hatua ya tatu, silinda ikishatoka ghala na kufika kwa duka la maziwa, hapo sheria inakuwa kama macho yenye mtoto wa jicho. Na bila daftari la duka, mkaguzi ataona friza inayofanya kazi na ataaga aende.

#14 Mvita_Daima

Wakili, umesahau kaunti. Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, linaipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero za umma. Yaani ni kazi ya kaunti, si ya NEMA. Maafisa wa kaunti ndio wanaoingia madukani kila mwaka kwa leseni ya biashara na afya. Wanapima mizani, wanaangalia vyoo. Ongeza swali moja tu kwenye ile fomu.

#15 Wakili_Buxton

Sikusahau. Ndiyo maana nasema kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake mlango. NEMA watasema hewa ni kaunti, kaunti watasema gesi zinazodhibitiwa ni za kitaifa, mkataba wa kimataifa. Wote wawili watakuwa na karatasi ya kuonyesha.

#16 Mvita_Daima

Hapo sikubaliani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, hakuna aliyeuliza ni ya nani. NEMA walikuwako, kaunti walikuwako, polisi walikuwako, hadi mama muuza mboga Kongowea alijua. Ndani ya mwezi mifuko ilipotea Marikiti. Utashi ukiwepo, mlango hupatikana.

#17 Msomi_Tudor

Mfuko waonekana. Ulikuwa unaning'inia kwenye miti, unaziba mifereji, mbuzi walikufa nao tumboni. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Utashi huanzia kwenye macho.

#18 Jomvu_Kuu

Nimesoma kimya lakini hapa lazima niseme.

Sisi wa huku tunajua kitu kisichoonekana kinavyosimamiwa. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapa hapa, watu wanaupita kwenda Mikindani. Madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri yaliingia kwenye hewa, maji na damu za watoto, na leseni zilikuwako, na ofisi zilikuwako. Ilibidi wakaazi wenyewe waende mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaitingisha hukumu, mpaka mwisho wa 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sifananishi friza na risasi. Risasi iliua. Ninachosema ni kwamba pale mtu alilia, mtoto aliugua, mama akauliza kwa nini. Gesi ya friji nani atalia? Joto linaongezeka kwa kila mtu, kidogo kidogo, hakuna mlalamikaji. Sheria yetu, nijuavyo mimi, huamka kwa mlalamikaji.

#19 Wakili_Buxton

Jomvu_Kuu, umesema vizuri kuliko nilivyosema mimi. Niongeze tu kwamba kifungu cha 70 cha Katiba hakikudai mlalamikaji aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameumia. Yeyote anaweza kwenda. Lakini kwenda na ushahidi gani? Tunarudi kwenye daftari.

#20 KibaruaShimanzi

Nyote mnalaumu duka. Njooni huku bandarini muone chanzo.

Nimefanya kazi ya kutoa mizigo miaka kumi na miwili. Mashine kuukuu kutoka ng'ambo zinakuja kontena baada ya kontena. Friza za supamaketi zilizong'olewa Ulaya, za kubadilisha huko kwa sababu ya sheria zao, zinapakwa rangi, zinauzwa hapa kama "mitumba nzuri". Umenunua uvujaji wa mtu. Pili ni silinda bandia. Rangi ni ya gesi moja, ndani ni nyingine ama mchanganyiko. Fundi ajaza, mashine haipoi, aongeza tena, presha yapanda, kiungo chaachia.

Na si mchezo. Mwaka 2011 kontena za baridi zilizotengenezwa Vietnam zilijazwa gesi bandia yenye methili kloridi badala ya R-134a. Ile kitu ikikutana na alumini ndani ya kompresa hutengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Zililipuka. Watu watatu walikufa, Vietnam na Brazili. Sisi tuna kontena za baridi zimepangwa Kilindini kila siku, parachichi, samaki, maua. Mkitaka kusimamia sheria, anzieni getini.

#21 FundiKombo

Kibarua amesema la maana. Zamani za R-12 na R-22 tulikuwa na taa ya moto wa spiriti, unaipitisha kwenye kiungo, moto ukigeuka kijani ujue gesi yenye klorini inatoka. Lakini kwa R-134a na 404A moto haubadiliki rangi, kwa kuwa klorini hamna. Vijana wengine bado wanaitumia, wanaona moto wa buluu wanasema "hakuna kinachovuja". Sasa mtu kama huyo na silinda bandia, ni vipofu wawili wanashikana mikono.

#22 Mtaalamu_Bombolulu

Mimi nalaumu mafundi, nisamehewe na FundiKombo. Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa duka la jirani, fundi anataka kubadilisha kompresa. Akachukua bisibisi akabonyeza vali. Gesi ikatoka fwiiiii, ukungu mweupe, mdomo wa bomba ukashika barafu. Dakika kama nne hivi. Watoto walikuwa wakicheza pale wakinyoosha mikono kwenye huo ukungu. Mfumo mzima ulienda hewani. Si uvujaji huo, ni kumwaga.

#23 FundiKombo

Mtaalamu, sikukasirikii. Nimefanya hivyo na mimi, miaka mingi, na yaniuma kulisema. Mwalimu wangu alifanya hivyo, na wake pia. Hakuna aliyetwambia kuna mashine ya kunyonya gesi na kuirudisha kwenye silinda. Nilipofundishwa, kwenye semina, ndipo nilipojua. Mashine ile sikuwa na uwezo wa kuinunua, tukachanga mafundi wanne tukanunua moja, sasa twapokezana. Lakini niambieni: mteja ananilipa kwa kunyonya? Anasema, "Mwenzako anafanya kwa nusu saa, wewe wataka saa tatu." Nimepoteza kazi mbili kwa sababu hiyo mwaka huu.

#24 Meneja_Asiyetajwa

Naomba nisikike pia. Mimi ndiye yule anayetia sahihi risiti, si kwa BaharZinj lakini mahali kama pale.

Friza ikianza kupanda joto Ijumaa jioni, ndani mna nyama na samaki wa wikendi nzima. Nikiita fundi atafute tundu, atasema nizime mashine, nitoe mzigo, anyonye gesi, achomelee, apime kwa nitrojeni, avute hewa yote, ajaze upya. Siku nzima, pengine mbili. Mzigo nauweka wapi? Nikimwita ajaze tu, dakika arobaini, joto limeshuka, wateja wanaendelea. Kwenye vitabu vya kampuni kujaza gesi kunaingia kwenye matumizi madogo ya kila mwezi, naweza kuidhinisha mwenyewe. Kubadilisha koili ni mali ya kudumu, lazima makao makuu Nairobi waidhinishe, na barua inakaa miezi mitatu. Nimejaza mara nne nikingoja barua moja.

Siombi kutetewa. Nasema mnatafuta ubaya kwenye moyo wa mtu, na pengine uko kwenye fomu ya manunuzi.

#25 BaharZinj

Meneja, nakushukuru kwa kusema. Hili la barua sikulijua, na sasa naona kwa nini bosi wangu hukunja uso kila fundi akija.

#26 Mswahili_Ughaibuni

Salamu kutoka Ohio, mimi ni mzawa wa Ganjoni. Nafanya kazi hii hii huku, matengenezo ya mashine za supamaketi. Niwaeleze inavyokwenda, halafu mchague wenyewe.

Huku sheria haimtegemei mkaguzi kuvizia. Mashine yenye gesi inayokula ozoni, kama R-22, ya ratili 50 au zaidi, yaani kama kilo 22.7, mwenye nayo lazima aweke kumbukumbu kila inapojazwa: tarehe, kiasi, nani. Kutoka hapo unahesabu kwa mwaka imevuja asilimia ngapi ya ujazo wake. Kwa friji za biashara ikipita asilimia 20, una siku 30 za kuziba na kuthibitisha kwamba umeziba. Zamani kiwango kilikuwa 35, kilishushwa kuanzia 2019. Kampuni nyingi zilizoadhibiwa hazikukamatwa na mtu juu ya paa na sabuni. Zilikamatwa na makaratasi yao, ama kwa kukosa makaratasi.

Lakini msidhani huku ni peponi. Serikali yenyewe huku ilisema supamaketi ya kawaida huvuja karibu asilimia 25 kwa mwaka. Trader Joe's kwenye yale makubaliano walitakiwa wafike wastani wa asilimia 12.1, si sifuri. Sifuri hakuna.

Swali kwa BaharZinj: hizo friza tatu kila moja ina kompresa yake, ama zote zimeungwa kwenye mashine moja nyuma?

#27 BaharZinj

Kabati na chumba cha baridi ziko kwenye mashine moja nyuma. Friza tatu kila moja na yake, za kuchomeka ukutani.

#28 Mswahili_Ughaibuni

Basi hata sheria ya huku, zile friza tatu zisingeguswa na hicho kiwango, ni ndogo mno. Na nijuavyo Mombasa, maduka mengi ni ya friza za kuchomeka. Mkinakili sheria ya Marekani neno kwa neno, mtakamata maduka kumi makubwa ya Nyali na mji, na elfu moja ya mitaani yatapita chini ya wavu.

#29 Mvita_Daima

Hao kumi wakamatwe kwanza! Mbona twaanza na huruma?

#30 Msomi_Tudor

Ama tubadilishe gesi yenyewe. Friza ndogo mpya zaja na R-290, ambayo ni propani tu, ndugu wa gesi ya kupikia. Nguvu yake ya kupasha joto ni ndogo sana, hata ikivuja yote si kitu mbele ya 3,922. Na kiasi ni kidogo, kwa miaka mingi kikomo kilikuwa gramu 150 kwa friza.

#31 MjukuuWaKale

Gesi ya kupikia ndani ya friji? Na stima? Mwataka kuchoma Mji wa Kale, nyumba zenyewe zimebanana hivi?

#32 FundiKombo

Gramu 150, mwanangu. Mtungi wako wa jikoni una kilo 6 ama 13, na umelala karibu na jiko. Lakini hofu yako siidharau: fundi asiyejua akienda na moto wa kuchomelea kwenye mashine ya R-290 bila kuitoa gesi kwanza, anaweza kuungua uso. Kwa hiyo tunarudi kwenye mafunzo.

#33 KibaruaShimanzi

Tunarudi getini.

#34 Mtaalamu_Bombolulu

Tunarudi kwa mafundi, basi, afadhali.

#35 Shoka_la_Likoni

Na mimi narudi kuuliza, eyasi, yaani kipoza hewa, ya tuktuk yangu mpya ikipungua gesi, hiyo nayo yahesabiwa? Nimejaza mara mbili tangu Desemba.

#36 HesabuZaChangamwe

Tuktuk yenye eyasi! Huyu tajiri asiachwe. Ikiwa ni R-134a kama kwenye magari mengi, kila gramu 100 unazopoteza ni kama kilo 143 za hewa ya ukaa. Safari hii nimehakikisha ni kilo.

#37 BaharZinj

Wadau, nimekuja na habari kidogo.

Jana nilinunua daftari la mistari, la shilingi sitini. Nikalitoboa, nikalifunga kwa uzi kwenye mguu wa ile mashine ya nyuma. Fundi alipokuja nikampa kalamu. Alinitazama kama nimemwomba pasipoti. Nikamwambia, "Andika tu, fundi, tarehe, mashine gani, umejaza kiasi gani." Akapima silinda kabla na baada ya kujaza, kwenye mizani yetu ya mchele. Kilo 1.3. Nadhani ndiyo mara ya kwanza gesi ya duka letu kupimwa.

Halafu nikachukua sabuni na brashi kama alivyosema FundiKombo. Nyuma ya kabati ya pili ya maziwa, kiungo cha chini, povu lilipanda. Taratibu vile vile, kama mate ya mtoto. Nikamwita meneja aone. Alisimama pale muda mrefu. Akapiga picha, akasema ataambatanisha kwenye barua.

#38 Wakili_Buxton

Hongera kaka. Ila tarehe zote ziandikwe kwa wino, na kila ukurasa upewe namba.

#39 Meneja_Asiyetajwa

Barua itakaa miezi mitatu. Siku hizo daftari litajaa.

#40 Jomvu_Kuu

Lijae. Lakini nani atakuja kulisoma?

#41 Mvita_Daima

Kaunti.

#42 Wakili_Buxton

NEMA.

#43 MamaSamaki

Mkimaliza hapo, FundiKombo babangu, friza yangu ya tatu imeanza kusikika kama nyoka, hapo penye bomba la nyuma. Waweza kuvuka Jumamosi? Na ile mashine yenu ya kunyonya uje nayo, nitakulipa saa zote tatu.

#44 FundiKombo

Mashine iko kwa mwenzangu Mtwapa hadi Ijumaa. Jumamosi nitavuka na feri ya saa moja asubuhi, inshallah. Usiijaze kabla sijafika.